Swopu ya diski, zram au kurasa kubwa: ipi inaifaa kompyuta yako?

Mpwa wangu alinijia jioni moja na laptopu kwapani, uso umemkunjamana. Yeye na wenzake wanaosoma Tudor, hapa Mombasa, walikuwa wamepimana kompyuta kwa kile kipimo cha kasi kilichomo ndani ya 7-Zip, programu ya kubana faili ziwe ndogo, na yake ikatoka ya mwisho. "Mjomba, prosesa yangu ni ileile ya mwenzangu aliyetoka wa pili," akasema. "Nimesikia kuna mahali pa kurekebisha RAM ndani ya mfumo. Nirekebishie."

Nikamwambia, "Mwanangu, mahali si pamoja, ni pengi. Ukigusa pasipokuhusu utapunguza badala ya kuongeza." Tukaketi, tukapitia uchaguzi mmoja baada ya mwingine. Haya ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine niliyojifunza kwenye mashine zinazopita mezani kwangu hapa Mwembe Tayari. Nyingi ni zile za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku: laptopu zenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, na kompyuta za mezani zenye prosesa kama i5-6500 ya mwaka 2015. Mashine hizi zina nguvu kuliko watu wanavyodhani, na kinachoziangusha mara nyingi ni namna RAM yake inavyotumika.

Tuanze na matokeo yenyewe, kwa kuwa yana siri ndani yake. Kipimo cha 7-Zip hutoa namba mbili: ya kubana na ya kufumua. Kubana hutegemea sana upesi wa RAM kujibu, pamoja na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na ile TLB nitakayoieleza mbele. Kufumua hutegemea zaidi nguvu ya prosesa. Namba ya mpwa wangu ya kufumua ilikuwa sawa na ya mwenzake, ila ya kubana ilikuwa chini mno. Prosesa haikuwa na kosa. Ukipima yako ukakuta hivyo, endelea kusoma. Ukikuta namba zote mbili ziko chini kwa pamoja, angalia kwanza feni na vumbi, maana mipangilio ya RAM haitakusaidia.

Kazi inaenea ndani ya RAM, au haienei?

Uchaguzi wote uliobaki unasimama juu ya swali hili, nami sikubali kumgusia mtu mashine kabla hajalijibu.

RAM hujibu ndani ya takriban nanosekunde 100. SSD ya kawaida, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, huchukua mara elfu moja ya muda huo. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kama 10, yaani mara laki moja, kwa sababu kuna sahani ya chuma ambayo lazima izunguke mpaka data ifike chini ya kichwa cha kusomea. Ukiwa wapika Mji wa Kale na chumvi iko jikoni, wanyoosha mkono tu. Iwapo chumvi iko Likoni, itabidi ushuke mpaka kivukoni, ungoje feri, uvuke, uichukue, urudi. Fikiria kwenda Likoni kwa kila punje. Ndivyo inavyokuwa RAM ikijaa na mfumo ukaanza kutupa vitu kwenye diski.

Kwenye Linux, fungua dirisha la amri, andika `vmstat 1`, kisha endesha kipimo chako kando. Tazama safu mbili zilizoandikwa si na so. Zikibaki sifuri, kazi inaenea. Zikianza kupanda na kubaki juu, haienei. Kwenye Windows, fungua Task Manager upande wa kumbukumbu uone kama RAM inagonga dari wakati wa jaribio huku taa ya diski ikiwaka bila kupumzika.

Kazi ya mpwa wangu ilikuwa haienei, na sababu kubwa ilikuwa kivinjari alichokiacha wazi na kurasa zaidi ya ishirini. Tulipokifunga, namba ya kubana ilipanda papo hapo, na hakuna mpangilio wowote tuliokuwa tumeugusa.

Haienei: swopu ya diski, zswap au zram

Kwa mwenye RAM ndogo, huu ndio uchaguzi wenye faida kubwa kuliko wote. Yote matatu yanajibu swali moja: RAM ikijaa, vitu visivyotumika kwa sasa viende wapi?

Swopu ya diski ndiyo ya asili. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huchukua kurasa zilizolala, vile vipande vidogo ambavyo RAM imegawanywa, na kuzipeleka diskini. Uzuri wake ni nafasi, kwani unaweza kuipa gigabaiti 8 au 16 bila kupunguza RAM hata kidogo, na laptopu inayolala usingizi wa muda mrefu huhitaji mahali hapo pa kuhifadhi RAM nzima. Ubaya wake ni ile safari ya Likoni. Kwenye SSD safari ni fupi na inavumilika. Kwenye diski ya kuzunguka, kompyuta huganda mpaka kishale cha panya kikaacha kutembea.

Zram hufanya vingine. Inatenga sehemu ya RAM yenyewe na kuifanya kama diski ya swopu, ila kila kinachoingia hubanwa. Ni kama mtu mwenye kabati dogo anayekunja nguo vizuri: kabati ni lilelile, nguo zinazoenea ni nyingi zaidi. Waandishi wa kerneli hukadiria kwamba data itabanwa kwa uwiano wa mbili kwa moja, na kwa hiyo wanashauri usiipe zram ukubwa unaozidi mara mbili ya RAM yako. Gharama yake ni kazi ya prosesa, ambayo hubana na kufumua kila mara. Lakini prosesa kufumua ukurasa mmoja huchukua muda mdogo mno ukilinganisha na kungoja diski izunguke. Zram iliingia rasmi kwenye kerneli ya Linux toleo la 3.14 mwaka 2014, na mwaka 2020 Fedora 33 ikaifanya kuwa swopu yake ya kawaida.

Zswap iko katikati. Inakaa mbele ya swopu ya diski: ukurasa unaotoka RAM hubanwa na kuwekwa kwenye bwawa dogo ndani ya RAM, ambalo kwa kawaida halizidi asilimia 20, na bwawa likijaa vile vya zamani vinasukumwa diskini. Kwa hiyo unahitaji swopu ya diski ili ikufae. Ni chaguo la busara kwa mwenye SSD ambaye kazi zake wakati mwingine huzidi RAM kwa mbali, kwa mfano anayehariri video.

Kwa laptopu ya gigabaiti 4 yenye diski ya kuzunguka, mimi huweka zram bila kusitasita. Sijapata mpangilio mwingine wa bure unaobadilisha mashine ya namna hiyo kiasi hicho. Kwa mwenye SSD na gigabaiti 8, zram na zswap zinakaribiana, nami huchagua zram kwa kuwa haichoshi SSD kwa kuiandikia ovyo. Usiwashe zote mbili kwa pamoja. Zswap itakaa mbele ya zram, data itabanwa mahali pawili, na hutapata chochote isipokuwa joto la prosesa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hukosea wakishaweka zram. Linux ina mpangilio uitwao `vm.swappiness`, na thamani yake ya kawaida ni 60. Ushauri unaozunguka mitaani ni kuushusha mpaka 10 au hata 1, kwa hoja kwamba swopu ni mbaya. Hoja hiyo ina ukweli kwenye swopu ya diski ya kuzunguka. Kwenye zram inageuka kuwa kosa. Mpangilio huu haupimi kiasi cha swopu kitakachotumika. Unaiambia kerneli gharama ya kutoa kurasa za programu ikilinganishwa na gharama ya kutupa kashe ya faili, yaani nakala za faili zilizowekwa ndani ya RAM, na kuzisoma upya kutoka diskini. Zram ikiwa na kasi kuliko diski, basi ni nafuu kubana kurasa za programu zilizolala kuliko kutupa faili ambazo utazihitaji sasa hivi. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020, mpangilio huu unaweza kufika 200 badala ya 100, na sababu ilikuwa ni hii hasa. Maelezo ya kerneli yana hesabu yake: swopu ikiwa na kasi mara mbili ya diski ya faili, weka 133, kwa kuwa 133 ni karibu mara mbili ya 67 na jumla yake ni 200. Mimi kwenye mashine za diski ya kuzunguka zenye zram huweka kati ya 150 na 180.

Pamoja nao, geuza `vm.page-cluster` kuwa 0. Kawaida ni 3, maana yake kerneli ikirudisha ukurasa mmoja kutoka swopu hurudisha na majirani zake mpaka wafike 8. Hiyo inafaa diski ya kuzunguka, kwa kuwa ukishafika Likoni heri urudi na mfuko mzima. Zram haina safari, kwa hiyo majirani hao ni mzigo wa bure.

Inaenea: kurasa ndogo au kurasa kubwa

Huku ndiko waliko wenye gigabaiti 8, 16 na zaidi. Kwao swopu haina la kuwaambia wakati wa kipimo. Wakitaka kuongeza namba, waangalie ukubwa wa kurasa.

Prosesa za kawaida hugawa RAM kwa kurasa za kilobaiti 4. Gigabaiti 4 pekee ni kurasa 1,048,576. Kila programu inapotaka kusoma mahali, prosesa lazima itafute ukurasa huo uko wapi hasa ndani ya RAM. Ili isitafute upya kila mara, ina daftari dogo la ndani, nalo ndilo TLB. Kwenye kizazi cha i5-6500, daftari la ngazi ya pili lina mistari 1,536. Zidisha kwa kilobaiti 4, unapata megabaiti 6. Programu ikizunguka ndani ya megabaiti 6, daftari linatosha. Kamusi ya kawaida ya kipimo cha 7-Zip ni megabaiti 32, na bado kuna majedwali mengine yanayoandamana nayo. Daftari halitoshi kabisa, na prosesa inatumia muda mwingi kutafuta anwani.

Ukiwa na kurasa za megabaiti 2, gigabaiti 4 zinakuwa kurasa 2,048 tu, na mistari ileile 1,536 inafunika gigabaiti 3. Yule hamali wa Marikiti aliyekuwa akibeba nyanya moja moja sasa anabeba tenga. Kwenye kubana kwa 7-Zip, kwenye programu za kukokotoa tarakimu za pai kama y-cruncher, na popote ambapo programu inaruka huku na huku ndani ya RAM nyingi, tofauti huonekana. Kwenye programu inayosoma mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, huenda usiione.

Kwenye Linux kuna njia mbili za kuzipata, na hapa ulinganisho unahitaji utulivu.

Ya kwanza ni kurasa kubwa za kujiendesha, zilizoingia kwenye kerneli 2.6.38 mwaka 2011. Mpangilio wake uko kwenye `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled` nao una hali tatu. Hali ya always huzigawa kwa kila programu inayofaa. Hali ya madvise huzigawa kwa programu iliyoomba tu, na never haizigawi kabisa. Kama mfumo wako uko kwenye madvise na programu unayoipima haiombi, basi hupati kitu. Kugeuza kuwa always kwa muda wa kipimo ni amri moja, na ukiwasha upya inarudi ilivyokuwa.

Ya pili ni kutenga kurasa kubwa mwenyewe kwa `vm.nr_hugepages`. Ukiandika 1024, gigabaiti 2 zinawekwa kando. Programu inayojua kuzitumia inazipata kwa uhakika, hazipelekwi swopu, na hakuna kubahatisha. Lakini hizo gigabaiti 2 zimekwisha kutoka mikononi mwa programu nyingine zote hata kama hakuna anayezitumia. Na kwa kuwa kila moja inahitaji megabaiti 2 zilizoungana, zitenge mara tu baada ya kuwasha. Mashine ikishakaa siku nzima, RAM imekatikakatika na kerneli inaweza kukupa pungufu ya ulizoomba bila kukupigia kelele.

Nikipima, hutumia ya kwanza kwenye always. Ya pili namwachia mwenye seva yenye programu moja tu inayojulikana. Baada ya kipimo narudisha madvise, nami nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona mashine zilizoachwa kwenye always kwa miezi. Programu inayoomba kidogo hupewa megabaiti 2 nzima, RAM huliwa kimyakimya, na kerneli inabaki ikihamisha vitu nyuma ya pazia ili kupata nafasi zilizoungana. Wenye Redis, hifadhidata inayokaa ndani ya RAM, wanashauri kabisa kuzima kurasa hizi. Redis ikihifadhi data hujigawa mara mbili, na kila badiliko dogo linalazimisha kunakili megabaiti 2 badala ya kilobaiti 4. Namba nzuri kwenye kipimo inaweza kuwa kazi mbovu kwenye duka la mtu.

Upande wa Windows, fungua 7-Zip kama msimamizi, nenda kwenye mipangilio yake, tia alama kwenye chaguo la kurasa kubwa, kisha toka kwenye akaunti yako uingie tena. Windows haigawi kurasa kubwa mpaka mtumiaji awe na haki ya kufungia kurasa ndani ya RAM. Usishtuke 7-Zip ikikaa kimya kidogo kabla ya kuanza: Windows iko inatafuta nafasi zilizoungana. Na usiamini Task Manager ikikuonyesha programu inatumia RAM kidogo, kwani kurasa hizi haizihesabu pale.

Windows: yanayofaa kuguswa na yasiyofaa

Kuzima pagefile, yaani faili ya swopu ya Windows, ndilo ombi ninaloletewa zaidi, na ndilo ninalolikataa zaidi. Mtu anadhani akiiondoa ataulazimisha mfumo kutumia RAM. Kama kazi inaenea, pagefile haiguswi wakati wa kipimo, kwa hiyo kuizima hakuongezi kitu. Kama haienei, Windows hukosa mahali pa kuahidi kumbukumbu na programu zinafungwa katikati ya kazi. Iache isimamiwe na mfumo wenyewe.

Ubanaji wa kumbukumbu, uliokuja na Windows 10 mwaka 2015, unafanana na zram kwa fikra yake. Unaweza kuuzima kwa PowerShell kwa amri ya `Disable-MMAgent -mc`. Kwenye gigabaiti 16 na kipimo kinachoenea, hutaona tofauti. Kwenye gigabaiti 4 utaijutia.

SysMain, ambayo enzi za Vista iliitwa SuperFetch, hupakia mapema programu unazozipenda. Kwenye diski ya kuzunguka huisoma diski kwa nguvu dakika za kwanza baada ya kuwasha, na kipimo chako kikianza wakati huo kitagombania njia. Isimamishe kwa muda, au ngoja dakika kumi. Kungoja ni rahisi zaidi.

Kisha kuna LargeSystemCache, mpangilio wa rejistri (ghala la mipangilio ya Windows) ambao bado unapitishwa mkono kwa mkono kama dawa ya kienyeji. Ulikuwa na maana kubwa siku za Windows XP. Washindani wa Super PI, programu ya kukokotoa tarakimu za pai iliyotoka kwenye maabara ya Yasumasa Kanada wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1995, waliutumia kwa jaribio la tarakimu 33,554,432. Programu ile huandika diskini wakati inapokokotoa, kwa hiyo kashe kubwa ya faili ilipunguza sekunde. Wengine walinakili faili kubwa kabla ya kuanza ili kuipanga kashe watakavyo. Nawaheshimu sana watu wale kwa uvumilivu wao. Lakini Windows 10 na 11 zinasimamia kashe kwa namna nyingine, na mimi nimeugeuza mpangilio huo mara kadhaa bila kuona namba ikisogea. Kama unatumia XP kwa ajili ya Super PI, uguse. Vinginevyo, uache.

Kuandika diskini: namba nzuri yenye hatari

Kipimo cha kuandika faili kwenye Linux kinaweza kupandishwa sana kwa kugeuza `vm.dirty_ratio` na `vm.dirty_background_ratio`. Kawaida ni 20 na 10, yaani asilimia za RAM iliyopo. Ya chini ikifikiwa, kerneli inaanza kumwaga data diskini taratibu. Ya juu ikifikiwa, programu inasimamishwa mpaka data imwagwe. Ukipandisha hizi, kunakili faili kubwa kunamalizika upesi machoni pako, kwa kuwa data imepokelewa na RAM tu. Diski bado haijapata habari.

Miaka iliyopita nilimpandishia mpiga picha mmoja wa Kisauni mpaka 60, ili kunakili picha za harusi kusimchoshe. Alifurahi. Kisha stima ikapotea jioni moja, naye hakuwa na betri ya akiba. Faili alizoziona zimekwisha kunakiliwa nyingi hazikuwepo, na nyingine zilikuwa na jina bila maudhui. Mungu alisaidia kwamba kadi ya kamera alikuwa hajaifuta. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile siyapandishi kwenye kompyuta ya mtu anayefanya kazi.

Kwa hiyo nachagua hivi: laptopu yenye betri nzima, au kompyuta yenye betri ya akiba, ikipima tu, pandisha kwa muda ukirudisha ukimaliza. Kompyuta ya mezani inayotegemea stima ya ukutani, shusha mipangilio hiyo. Tumia `vm.dirty_background_bytes` na `vm.dirty_bytes` ukaweka megabaiti chache, mathalan 64 na 256. Kunakili kutaonekana polepole, lakini utakachoambiwa kimeandikwa, kwa sehemu kubwa kitakuwa kimeandikwa kweli. Na hata hapo, andika `sync` kabla ya kuchomoa chochote.

Mipangilio au kipande cha pili cha RAM?

Laptopu ya mpwa wangu ilikuwa na nafasi mbili za RAM, moja tupu. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2133 kwenye njia moja hupitisha gigabaiti 17 hivi kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanana, kwenye njia mbili, hufika 34. Hakuna amri ya kuandika itakayokupa hilo. Kama una pesa ya kipande kimoja na unachagua kati ya kuchezea mipangilio mwezi mzima na kununua, nunua. Hakikisha dukani, kabla hujalipa, kwamba ni aina inayolingana na bodi yako, kwa kuwa DDR3 na DDR4 haziingiliani. Kisha ukifika nyumbani, utakuta kwamba mambo ya swopu niliyoyaeleza kwa kirefu hayakuhusu tena kwenye kipimo, na ya kurasa kubwa yanakuhusu zaidi.

Kupima bila kujidanganya

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Kwenye Linux, kabla ya kila mzunguko unaohusu faili andika `sync`, kisha peleka 3 kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches`, ili mzunguko wa pili usipendelewe na kashe ya wa kwanza. `sync` itangulie, kwani amri ile haitupi data ambayo bado haijaandikwa. Rudia mara tano, panga namba kwa ukubwa, chukua ya katikati. Chaji iwe imechomekwa.

Na andika saa. Hilo sikulijua umuhimu wake mpaka nilipoanza kuandika. Hapa kwetu wakati wa kaskazi chumba cha mchana ni tanuri, na prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu ya ex-UK yenye grisi iliyokauka chini ya feni hufikia hapo upesi mno.

Mpwa wangu sasa ana daftari. Safu ya kwanza ni tarehe na saa, ya pili ni mpangilio aliougeuza, ya tatu ni kubana, ya nne kufumua. Juzi alinionyesha mistari miwili ya siku moja, mmoja wa baada ya swala ya alfajiri na madirisha wazi, mwingine wa saa nane mchana. Safu ya pili ilikuwa tupu kote kuwili, hakuwa amegeuza chochote. Namba za alfajiri zilizidi za mchana kwa kiasi kikubwa kuliko faida yote tuliyoipata kwa kurasa kubwa. "Mjomba," akaniuliza, "wale wenzangu walipima saa ngapi?"